Kusogeza biti bila kuvuka mpaka: saketi ndogo za data sambamba

Kusogeza biti ni kazi ya zamani katika prosesa, na pengine ndiyo rahisi kuliko zote kuieleza. Namba iliyoandikwa kwa 0 na 1 ikisogezwa nafasi moja kushoto huzidishwa kwa 2. Ikisogezwa nafasi moja kulia hugawanywa kwa 2. Namba 13 huandikwa 00001101 ndani ya baiti moja. Ikisogezwa nafasi mbili kushoto inakuwa 00110100, yaani 52. Hakuna kilichozidishwa. Biti zilezile zimehama, na nafasi zilizobaki wazi kulia zimejazwa sifuri.

Kinachotofautisha aina za kusogeza ni kile kinachojazwa kwenye nafasi hizo. Kusogeza kimantiki hujaza sifuri. Kusogeza kihesabu kwenda kulia hujaza nakala ya biti ya juu kabisa, yaani biti ya alama, ile inayoonyesha kama namba ni hasi au chanya, ili −12 ikigawanywa kwa 2 ibaki −6 na isigeuke namba kubwa ya ajabu. Kuzungusha hakujazi kitu kipya: biti zinazodondoka upande mmoja hurudi kwa upande wa pili. Saketi inayofanya kazi hizi huitwa hapa kisogezi, nayo karibu kila prosesa inayo, kuanzia ya mashine ya ofisini hadi ya simu ya bei ya chini inayouzwa sokoni katika mji wa Baraka, mashariki mwa Kongo.

Simu hiyo ndiyo mfano mzuri wa kuonyesha kwa nini ukubwa wa kisogezi una maana. Ujumbe wa sauti kutoka Baraka kwenda Uvira au Kalemie kwanza hukatwa kuwa sampuli, kwa mfano 16,000 kwa sekunde, kila moja ikiwa na biti 16. Programu ya kubana sauti huzizidisha sampuli hizo kwa namba nyingine za biti 16. Kila jibu lina biti 32, na ili lirudi kwenye upana wake wa awali husogezwa kulia nafasi 15 na kukadiriwa kwa namba iliyo karibu. Picha nayo ina kazi yake. Rangi nyekundu, kijani na buluu hubanwa ndani ya biti 16 kwa mgawo wa 5, 6 na 5, na kuzipakia humo au kuzitoa ni kusogeza tu. Mfumo wa video wa H.264, uliotoka mwaka 2003, ulitungwa kwa makusudi ili hesabu ya kugeuza vipande vya picha iweze kufanywa kwa kujumlisha na kusogeza bila kuzidisha. Katika eneo la Fizi simu nyingi hupata umeme kutoka kwenye paneli ya jua, au kwenye kibanda ambako mwenye simu hulipia kuichaji. Kazi inayomalizika kwa mapigo machache ya saa ya prosesa huiacha betri na nguvu zaidi, na saketi yenye transista chache huvujisha umeme kidogo hata inapokuwa imepumzika.

Kisogezi cha kale kabisa kilikuwa rejista inayosogeza nafasi moja kwa kila pigo la saa. Ni kidogo sana, lakini gharama yake ni muda. Prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978 ilitumia mapigo 8, na mengine 4 kwa kila nafasi, kusogeza rejista kwa idadi iliyowekwa ndani ya rejista nyingine. Kusogeza nafasi 15 kulikula mapigo 68. Mwaka 1985 mambo yalibadilika pande mbili za bahari. Intel 80386 ilikuja na kisogezi kinachomaliza kazi kwa mapigo 3, iwe nafasi moja au thelathini. Kule Cambridge, Uingereza, Sophie Wilson na Steve Furber wa kampuni ya Acorn walitengeneza ARM ya kwanza, yenye transista zipatazo 25,000 tu, lakini wakaona inafaa kuweka kisogezi kamili cha biti 32 kwenye njia ya kuelekea kikokotozi, hivi kwamba amri moja ya kujumlisha ingeweza kusogeza mojawapo ya namba zake bila kungoja. Kwa timu iliyokuwa inabana kila kona ya silikoni, huo ulikuwa uamuzi wa kijasiri. Uzao wa prosesa hiyo ndio ulioenea baadaye kwenye simu za mkononi duniani kote.

Njia ya moja kwa moja ya kusogeza kwa pigo moja ni wavu wa swichi. Kila biti inayoingia hukutana na kila biti inayotoka, na swichi moja hufunguliwa katika kila safu. Kwa biti 32 zinahitajika swichi 1,024. Kwa biti 64, swichi 4,096. Umeme hupita swichi moja tu, ila waya mrefu uliobeba swichi kadhaa huwa mzito kuujaza na kuutoa chaji, na kadiri upana unavyoongezeka mara mbili ndivyo eneo linavyoongezeka mara nne.

Njia ya pili hufuata hesabu ya mizani. Mnunuzi wa dhahabu pale Misisi, katika eneo hilohilo la Fizi, akiwa na mawe ya uzito wa 1, 2, 4, 8, 16 na 32 anaweza kupima uzito wowote mzima kuanzia 1 hadi 63, kwa kuweka baadhi ya mawe na kuacha mengine. Kisogezi cha ngazi hufanya vivyo hivyo. Kwa biti 64 kina ngazi sita. Ya kwanza husogeza nafasi 1 au huacha, ya pili husogeza 2 au huacha, na kuendelea hadi 32. Kusogeza nafasi 13 ni kuwasha ngazi za nafasi 1, 4 na 8. Idadi ya nafasi, ikiandikwa kwa biti sita, yenyewe ndiyo inayoziamuru ngazi, kwa hiyo hakuna saketi ya kutafsiri inayohitajika. Kila ngazi ina vichaguzi 64, yaani multipleksa za njia mbili, na jumla yake ni 384. Umeme hupita ngazi sita badala ya swichi moja, lakini waya ni nyepesi na eneo ni dogo. Wabunifu wengine huziunganisha ngazi mbilimbili kwa kutumia vichaguzi vya njia nne, zikabaki ngazi tatu.

Mwelekeo una gharama yake. Kujenga kisogezi cha kushoto na kingine cha kulia ni kurudufu kila kitu. Hila moja ni kuzigeuza biti kichwa chini miguu juu kabla ya kuingia na kuzigeuza tena zinapotoka: kisogezi cha kulia kitakuwa kimesogeza kushoto, kwa vichaguzi 128 vya ziada. Hila nyingine, iliyo nafuu zaidi, hutumia mzunguko. Kusogeza kushoto nafasi k katika neno la biti 64 ni kuzungusha kulia nafasi 64−k, kisha kufuta biti k za chini zilizorudi kwa mlango wa nyuma. Kutoa k katika 64 hakuhitaji zaidi ya saketi ndogo ya biti sita. Kinachofuta huitwa hapa kichujio: safu ya 0 na 1 inayosema ni nafasi zipi zibaki na zipi zijazwe sifuri au biti ya alama.

Hadi hapa neno limekuwa moja. Hali hubadilika pale rejista moja inapobeba data nyingi. Wazo hilo si geni: kompyuta ya TX-2 ya Lincoln Laboratory huko Marekani, mwaka 1958, iliweza kuligawa neno lake la biti 36 kuwa vipande viwili vya 18 au vinne vya 9. Likalala muda mrefu, hadi sauti na picha zilipoingia kwenye kompyuta za kawaida katika miaka ya 1990. Hewlett-Packard walilitumia kwenye PA-7100LC mwaka 1994, Sun wakafuata kwenye UltraSPARC, na Intel walileta MMX mwaka 1997 wakiwa na amri 57 mpya na rejista za biti 64. Rejista ya biti 128, kama zile za NEON katika prosesa za ARM, hubeba sampuli 8 za sauti. Sekunde ya sauti yenye sampuli 16,000 husogezwa kwa amri 2,000 badala ya 16,000.

Tatizo ni mipaka. Sampuli zimepangwa ubavu kwa ubavu kama mashamba ya mihogo yasiyo na ua, na kisogezi cha kawaida hakijui shamba la nani linaishia wapi. Biti ya chini ya sampuli moja ikisogezwa kulia huangukia juu ya sampuli ya jirani. Jambo hili humtaka mbunifu achague mojawapo ya njia mbili: kujenga visogezi tofauti kwa kila upana, au kutumia kimoja na kukifundisha mipaka.

Njia ya kwanza ni rahisi kuipima. Kwa biti 64, kisogezi kizima kina vichaguzi 384. Visogezi viwili vya biti 32 vina 320. Vinne vya biti 16 vina 256. Vinane vya biti 8 vina 192. Jumla ni 1,152, mara tatu ya kisogezi kimoja, na katika kila amri makundi matatu kati ya manne ya visogezi hivyo hukaa bure. Bado havijahesabiwa vichaguzi vya mwisho vinavyoamua jibu la nani litoke. Kwa prosesa kubwa ya mezani hasara hiyo huenda isionekane. Kwa prosesa ya simu ni ubadhirifu.

Njia ya pili huanza kwa kuuliza swali ambalo kwa kawaida huulizwa kwa kuchelewa: je, vipande vyote husogezwa kwa idadi moja ya nafasi? Jibu likiwa ndiyo, kazi karibu imekwisha. Neno zima la biti 64 huzungushwa kana kwamba halina mipaka yoyote, biti za jirani zikiachwa zivuke zitakavyo, kisha kichujio huzifuta zote kwa mkupuo. Ikiwa vipande ni vya biti 16 na vinasogezwa kulia nafasi 3, kichujio hufuta biti tatu za juu za kila kipande na kuweka sifuri, au biti ya alama ya kipande chenyewe. Vichaguzi 384 havikuguswa. Kilichoongezeka ni kichujio kinachoweza kujirudia mara moja, mbili, nne au nane, na saketi ndogo ya kuchukua biti ya alama ya kila kipande. Ni vigumu kupata mpangilio mwingine unaotoa mengi hivi kwa gharama ndogo hivi. Hila ya kugeuza kichwa chini nayo hukubali hapa: neno zima likigeuzwa, mpangilio wa vipande nao hugeuka, lakini mgeuzo wa pili hurudisha kila kipande mahali pake.

Jibu likiwa hapana, kila kipande kikiwa na idadi yake, kichujio cha mwisho hakitoshi, kwa sababu jirani wawili wanatembea kwa mwendo tofauti na biti zilizovuka huchanganyika njiani. Mpaka lazima ulindwe ndani ya kila ngazi. Kazi ya kutafuta sehemu za kulinda ni ya kuhesabu tu. Upana mdogo kabisa ukiwa baiti, katika ngazi ya nafasi 1 kuna biti 8 zinazoweza kupokea kutoka kwa jirani, moja katika kila baiti. Ngazi ya 2 ina 16, ngazi ya 4 ina 32. Ngazi ya 8 haifanyi kazi kwa baiti, kwa hiyo mpaka wake ni wa vipande vya biti 16, na una biti 32. Ngazi ya 16 na ya 32 nazo zina 32 kila moja. Jumla ni sehemu 152 kati ya 384. Kisogezi cha kawaida cha biti 64 tayari kina sehemu 63 za namna hiyo pale juu ambako sifuri huingia. Gharama halisi ya kukifundisha mipaka ni sehemu 89, kila moja ikihitaji geti moja au mbili za mantiki, na pia waya za kupeleka amri tofauti kwenye kila baiti. Ukilinganisha na vichaguzi 768 vya ziada vya njia ya kwanza, hakuna mjadala.

Kuzungusha ndani ya vipande hugharimu zaidi ya kusogeza. Biti inayofika mpakani haijazwi sifuri. Inapaswa kupokea kutoka upande wa pili wa kipande chake, na upande huo hutegemea upana. Biti ya 63 katika ngazi ya kwanza hupokea kutoka biti ya 0 kama neno ni zima, ya 32 kama limegawanywa mara mbili, ya 48 kama mara nne, ya 56 kama ni baiti. Kati ya sehemu 152 za mpakani, zile 32 za ngazi ya mwisho zina chanzo kimoja tu, lakini 120 zilizobaki zina vyanzo kuanzia viwili hadi vinne. Hapo ndipo gharama inapohama kutoka kwenye geti kwenda kwenye waya. Katika silikoni ya leo transista ni ndogo sana, ila waya unaokatiza nusu ya upana wa saketi bado ni mrefu, una uzito wa umeme, na unachukua nafasi ambayo waya nyingine zingepita. Kuhesabu vichaguzi peke yake humpa mbunifu picha ya kupendeza kuliko hali halisi.

Kwa hiyo umbo la kisogezi huamuliwa, kabla ya mbunifu kugusa kalamu, na orodha ya amri ambazo prosesa imeahidi. Hapa makampuni yalipita njia tofauti sana. MMX ilikubali idadi moja kwa vipande vyote, na haikuwa na amri ya kusogeza baiti. Mwandishi wa programu anayetaka kusogeza baiti hadi leo kwenye x86 kwa kawaida husogeza kwa upana wa biti 16 kisha hufuta kwa mkono kile ambacho kichujio kingeweza kufuta bure. Kwa Intel, idadi tofauti kwa kila kipande ilikuja na AVX2 kwenye prosesa za Haswell mwaka 2013, lakini kwa biti 32 na 64 tu, na vipande vya biti 16 vikangoja AVX-512. Hata kusogeza kihesabu kwa biti 64 kulingoja hapo. Ni nguo ya viraka, na kila kiraka kina historia yake ya ubahili. AltiVec, iliyotoka kwenye PowerPC G4 mwaka 1999, ilikuwa imekwisha kutoa idadi tofauti kwa baiti, biti 16 na biti 32 tangu siku ya kwanza.

NEON ilikwenda mbali zaidi. Idadi ya nafasi huko ni namba yenye alama: ikiwa chanya kipande husogea kushoto, ikiwa hasi husogea kulia, na ndani ya amri moja kipande kimoja chaweza kwenda kushoto wakati jirani yake anakwenda kulia. Ruhusa hiyo huua hila ya kugeuza neno zima, kwa sababu hakuna tena mwelekeo mmoja wa kugeuzia. Kinachobaki ni kugeuza kila kipande peke yake, au kutumia mzunguko wa kulia ndani ya kila kipande, idadi ikiwa imebadilishwa kwa kila kipande, na kichujio mwishoni. Mzunguko wenye kichujio, uliokuwa chaguo la nafuu tu kwa neno moja, hapa unakuwa karibu njia pekee isiyorudufu saketi.

NEON huongeza pia kukadiria na kukomea. Katika kukadiria, biti ya mwisho iliyodondoka haitupwi. Hujumlishwa kwenye jibu, kwa hiyo kila kipande huhitaji kuikumbuka. Katika kukomea, namba inayozidi uwezo wa kipande hubaki kwenye kikomo badala ya kugeuka na kuanza upya, na kugeuka huko kwenye sauti husikika kama mkwaruzo mkali. Ili kujua kama namba imezidi ni lazima kukagua biti zote zilizosukumwa nje kushoto. Kichujio kilekile, kikisomwa kinyume, huonyesha ni biti zipi hizo, na mbunifu mwangalifu hukitumia mara mbili.

Kuzungusha kwa vipande kumepata uzito mpya kwa sababu ya usimbaji. ChaCha20, mfumo wa Daniel J. Bernstein wa mwaka 2008, hauna zaidi ya kujumlisha, kulinganisha biti na kuzungusha maneno ya biti 32 kwa nafasi 16, 12, 8 na 7. Mwaka 2014 Google waliutia kwenye Chrome ya Android hasa kwa ajili ya simu zisizo na saketi ya mfumo mwingine wa usimbaji, AES, zile za bei nafuu. Prosesa isiyo na amri ya kuzungusha vipande kwa kawaida husogeza kushoto, husogeza kulia na huunganisha, amri tatu kwa kila mzunguko. Nafasi 16 na 8 huokolewa kwa amri ya kupanga upya baiti. 12 na 7 haziokoleki. Waya za sehemu 120 za mpakani zilizoonekana ghali hapo juu hulipwa hapa.

Njia nyingine ya kupunguza ukubwa ni kupunguza upana wenyewe. Rejista inaweza kuwa ya biti 128 huku saketi ikiwa ya 64, na amri ikapita mara mbili. Pentium III ya mwaka 1999 ilifanya hivyo, na AMD walirudia hila hiyo mwaka 2017 kwa kupitisha amri za biti 256 katika saketi za 128. Nusu ya eneo huokolewa, nusu ya kasi hupotea, na programu haijui lolote. Kubana kupita kiasi kuna funzo lake pia. Pentium 4 ya mwaka 2000 ilikuwa na vikokotozi vya kujumlisha vyenye kasi ya kupindukia, lakini kusogeza kulichukua mapigo 4, na programu zilizokuwa zimezoea kusogeza kama njia ya mkato ya kuzidisha zikajikuta zinaadhibiwa. Toleo la Prescott lilirudisha kazi hiyo kwenye pigo 1.

Wapo wanaoona kwamba kisogezi chenyewe ni sehemu tu ya saketi pana zaidi. Yedidya Hilewitz na Ruby Lee, aliyewahi kuongoza kazi ya vipande kule Hewlett-Packard, walipendekeza mwaka 2009 kuweka mahali pa kisogezi mtandao wa kipepeo na kinyume chake. Mtandao huo nao una ngazi sita kwa biti 64, lakini katika kila ngazi jozi za biti hubadilishana au hubaki, kila jozi kwa amri yake. Unaweza kuzungusha, kusogeza, kukusanya biti zilizotawanyika na kuzitawanya tena. Mipaka ya vipande huja bure, kwa kuwa ngazi zinazovuka mpaka zinazimwa tu. Gharama imejificha kwenye amri: kila ngazi ina jozi 32, na jozi 192 kwa jumla zinahitaji biti 192 za kuziongoza, ambazo lazima zikokotolewe kutokana na idadi ya nafasi kabla data haijaingia.

Kisogezi cha umbo lolote kina sifa moja inayorahisisha ukaguzi. Kila biti ya jibu ni nakala ya biti moja ya data au ni sifuri. Haijumlishwi na nyingine, kukadiria na kukomea kukiwekwa kando. Haihitajiki kujaribu namba zote zinazowezekana za biti 64, ambazo hazitaisha hata mashine ikikesha miaka. Inatosha kutembeza 1 moja katika nafasi 64, na idadi zote za nafasi kwa kila upana, ambazo ni 8, 16, 32 na 64, jumla 120. Kwa kazi nne, yaani kushoto, kulia kimantiki, kulia kihesabu na kuzungusha, majaribio ni 30,720, na mengine kama hayo kwa 0 inayotembea katikati ya 1. Waya uliounganishwa mahali pasipo pake hujitokeza ndani ya sekunde chache. Makosa yanayoponyoka majaribio hayo ni yale ya idadi tofauti kwa vipande jirani, ambapo amri ya kipande kimoja imemfikia mwenzake. Hayo hutafutwa kwa kukipa kila kipande idadi isiyofanana na ya jirani yake, na kwa kuanza na sehemu 152 za mpakani.